Kabla Hujamlipa Fundi, Chuchumaa

Mwakeye, mama zangu na dada zangu. Wa Asalaam aleikum na wa Bwana asifiwe mmeshasalimiana, mimi nabaki na hii ya nyumbani.

Mwenyekiti wetu ameniomba nitoe ushuhuda kabla hatujaingia kwenye ajenda ya sare. Nilimkatalia mara mbili. Siamini sana shuhuda. Nimekaa kwenye mikutano mingi nikasikiliza watu wakieleza walivyoanguka, na kila mara wanaishia wamesimama vizuri kuliko sisi tunaosikiliza. Mimi sijasimama vizuri hivyo. Tena sitataja jina la mtu, ingawa wengi wenu mlikuwepo siku ile, na mmoja atajijua kwa paja lake. Cheka tu, Shangazi, hatujafika huko bado.

Niliporudi Kigoma kutoka chuo kikuu nilikuwa na shahada ya sosholojia na sikuwa na kazi. Nilikuwa na simu. Mnakumbuka nilivyokuwa. Nilihoji mahari, nilihoji sadaka, nilimhoji diwani mpaka akauliza mimi ni binti wa nani. Mama akisema jambo, nilimuuliza ushahidi uko wapi. Lakini simu ikinionyesha dada mmoja wa Dar es Salaam amevaa suruali ya namna fulani, sikuuliza lolote. Niliitafuta suruali hiyo. Na mtindo unavyofika huku kwetu mnajua. Unapanda treni kama mzigo mwingine, unashuka Kigoma umechoka, na kule ulikotoka wenyewe wameshauvua. Kwa hiyo nilikuwa nakimbilia kitu ambacho kimeshaondoka, halafu nyinyi ndio nikawaita washamba.

Ndugu zangu, nawaambia kama ilivyokuwa. Magauni yenu ya kitenge, yale mapana yenye mifuko, niliyaita magunia ya dagaa. Mama yangu alisikia. Alikuwa amevaa mojawapo.

Basi ikaja harusi ya binamu yangu, hapa hapa Bangwe. Kitenge cha sare kilikuwa kimeshachaguliwa, kikabaki kitu kimoja, mshono. Mkasema tumwachie msomi. Nikatoa simu. Ule mshono hamjausahau: unabana kuanzia kifuani hadi chini ya magoti, kisha unafunguka kama mkia wa samaki. Mama akaisogeza simu karibu na uso, maana macho yalishaanza kumsumbua, akaiangalia muda mrefu.

"Huyu anachuchumaaje?" akauliza.

"Mama, ni harusi. Nani atakwambia uchuchumae?"

"Choo hakijui harusi."

Mlicheka wote. Mimi sikucheka, nikamwambia anatuaibisha. Shangazi mmoja akanitetea: "Mwacheni mtoto. Na sisi tuonekane siku moja kwamba tuna viuno." Mkakubali. Mama peke yake akaenda kwa fundi akashonesha gauni lake kama siku zote. Nilinuna siku tatu nikiwaza atakavyoharibu picha.

Hapa lazima niseme habari ya macho. Mama alikuwa na presha ya macho. Daktari alishamwambia aende hospitali kubwa mapema, asingoje, kwa sababu kinachopotea kwa ugonjwa huo hakirudi. Safari hiyo ilitegemea dagaa waliokuwa wameanikwa kwenye chanja zetu wiki ya harusi. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, na kukiwa na mbalamwezi taa za mitumbwi hazivuti dagaa, watu wanakaa nyumbani. Wale ndio walikuwa wa mwisho. Wengi wenu mlikuwa mmeshaanua na kufunga magunia. Sisi tulichelewa, wetu walihitaji jua la siku ile ile ya harusi.

Asubuhi mama akanishika mkono. "Leo wewe ndiye macho yangu," akasema. "Angalia ng'ambo. Ukiona milima ya Kongo imepotea, usiniulize kitu, njoo tufunike."

Nikasema sawa. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, kuangalia milima.

Mchana, kabla ya kwenda ukumbini, mpiga picha akatupanga ufukweni sisi wa sare, migongo yetu ikielekea ziwani. Niligeuka mara moja. Ng'ambo kulikuwa kweupe, kama mtu amefuta ubao. Niliona. Msinitetee kwamba sikuona, maana kuna wema fulani mnaonifanyia nao unanitesa. Niliona, nikajiambia, picha moja zaidi.

"Dada wa katikati, usigeuke," mpiga picha akasema.

Nikamgeukia, nikatabasamu.

Tone la kwanza lilinipiga begani. Halafu mvua yote ikaja kwa pamoja, kama inavyokuja huku. Shangazi yule yule wa viuno alishika pindo lake kwa mikono miwili, akalichana mpaka pajani, akatimua mbio kwenye chanja za mama. Hakuwa na dagaa hata mmoja pale. Mimi mwenye dagaa nililishika pindo langu. Uzi wa fundi ulikuwa hafifu, ungekatika kwa kuvuta kidogo. Sikuvuta. Picha na bibi harusi zilikuwa bado. Nikaenda kwa hatua fupi fupi, kama mbuzi aliyefungwa kamba miguuni, nimejifunika nywele kwa pochi.

Mama alishafika. Gauni lake lilimruhusu kukimbia, lakini alipofika alianza kupapasa. Turubai lilikuwa kushoto kwake, yeye analitafuta kulia. Akaigonga chanja ya kwanza, ikaanguka na dagaa wake wote mchangani. Nilikuwa namwona. Nilikuwa karibu kiasi cha kumwambia "kushoto, mama," na nikasema, lakini mvua ilikuwa inapiga mabati na hakusikia. Mimi na Shangazi tulipolifungua turubai, maji yalikuwa yanachuruzika chini ya wavu na dagaa wameshaanza kuvimba.

Mvua ilipokwisha mama alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Shangazi, paja nje, alikuwa anayatukana mawingu ya Kongo moja baada ya jingine. Mama akanigeuzia uso.

"Picha zimetoka vizuri?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananichoma au alitaka kujua kweli. Mimi ninayeuliza kila kitu sijathubutu kumuuliza hilo.

Wale dagaa siku ya pili walinuka, wakaenda kuwa chakula cha kuku. Safari ya hospitali ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena. Siku moja mama alimimina chai pembeni ya kikombe, upande wa kushoto, akasema mkono umeteleza. Nilijua si mkono.

Nikajifungia ndani. Sikutaka kuonana na mtu anayeujua ufukwe. Gauni lilikuwa linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, nikilala naliona, nikiamka naliona. Na kabla rangi yake haijapauka, mtindo ukaisha. Kwenye simu wale wale wakaanza kuvaa magauni mapana ya kitenge, yenye mifuko. Walikuwa wanazungusha mikono ndani ya mifuko kuonyesha ilivyo mikubwa. Mnacheka. Mimi nilitafuta mtu wa kumpiga nikamkosa. Nani nimshike? Fundi alishona alichoagizwa. Wa kwenye simu hajui kama Bangwe ipo. Nilibaki mimi, na nilijichukia kwa bidii, na kujichukia huko hakukumsaidia mama kwa lolote.

Aliyenitoa ndani ni Shangazi. Aliingia bila hodi.

"Una shahada," akasema. "Una nini kingine?"

"Sina kitu, Shangazi."

"Mikono unayo?"

"Niache."

"Nikuache uote ukungu kama dagaa wako? Simama. Jua limetoka, na mimi si mtumishi wako." Akanirushia kanga kuukuu na beseni.

Nilipofika ufukweni mmoja wenu akasema, "Karibu msomi, leo hatupigi picha." Mwingine akaniuliza kama naweza kuchuchumaa. Niliuma meno nikachuchumaa. Mgongo uliniuma wiki nzima, na dagaa wa kwanza niliowatandaza mliwatandaza upya nyuma yangu mkidhani sioni.

Mwezi ukapungua, mitumbwi ikarudi majini. Nilianika kwenye chanja zenu siku nyingi, nikijua ni zenu. Hamkuniambia kitu. Ndipo asubuhi moja mkamwambia mama afunge nguo zake, aondoke na treni ya wiki ile kwenda hospitali. Kumbe kila mmoja wenu alikuwa ametenga chanja moja kwa ajili yake, na dagaa niliokuwa nageuza na kuanua siku zote zile walikuwa wa mama. Wengine kati yenu ndio ambao magauni yenu niliyaita magunia.

Jicho la kulia limeokolewa. La kushoto daktari aliangalia, akazima taa yake ndogo, akamwambia pole. Nilikuwa nimesimama pale. Alikuwa kijana wa umri wangu, hakujua anamwambia nani hasa.

Siku tuliyorudi nililishusha lile gauni kwenye msumari nikalichana. Lilichanika kirahisi sana. Nililia kwa hilo, kwa jinsi lilivyochanika kirahisi. Vipande vyake mnavijua, ndivyo tunavyofungia turubai kwenye chanja za kona, na Shangazi anasema ni mara ya kwanza nguo ile kufanya kazi.

Sasa mnataka kuchagua sare nyingine, na nimeuona mshono uliozungushwa kwenye kundi la simu, ule wenye mikono iliyojaa kama mito ya kochi. Siwaambii msivae mtindo. Anayewaambia hivyo ama anajisifu, ama ameshapitwa. Mtu anataka kuonekana, na sisi huku mwisho wa reli tunaonekana kwa nadra. Nawaambia kitu kidogo tu: kabla hujamlipa fundi, chuchumaa pale pale dukani kwake. Inua mikono uone kama turubai utalifikia. Kimbia mpaka mlangoni na kurudi. Fundi akikucheka, mwache acheke. Nguo ikikuzuia kumfikia mtu wako, hiyo haikukai, hata dunia nzima iwe imeivaa.

Nawashukuru. Shukrani hazinikai vizuri mdomoni, nahisi kama naomba mnisamehe kwa mlango wa nyuma, na sijaomba hilo. Nawashukuru kwa chanja zenu, kwa masimango, na kwa kutandaza upya dagaa wangu bila kusema. Shangazi, kwa beseni.

Jambo la mwisho. Ile picha bado ninayo. Mama, mnamwona amekaa pale mlangoni kwenye mwanga, hajawahi kuiona vizuri. Juzi tukiwa tunachambua dagaa aliniomba nimweleze. Nikamwambia tumesimama mstari mmoja, sare imekaa, wote tunacheka, mimi nipo katikati.

"Na nyuma yenu kuna nini?" akauliza.

Kwenye picha sikuwahi kutazama nyuma yetu. Nikaikuza picha kwa vidole. Kuna maji, na juu ya maji hakuna kitu.

"Milima haipo, mama."

Alitoa dagaa wawili watatu waliovunjika, akawaweka pembeni. Kisha akaniambia picha hiyo nisiifute.

Sijaifuta. Mwenyekiti, kabla hatujachagua mshono, naomba simu hii izunguke, kila mtu aitazame.