Doa la Mviringo kwenye Koti la Sista

Benchi letu limeegemea kibanda cha dobi, na meza yake ya kupigia pasi ndiyo meza yetu ya kahawa. Ukinyoosha mkono umeweka kikombe, ukiurudisha umebeba umbea. Siku hiyo dobi, tunayemwita Povu, alikuwa amesimama kama mtu aliyefiwa. Sista wa zahanati alimwachia koti jeupe moja la majaribio: likitoka safi, Povu anapewa kazi ya kufua makoti yote ya zahanati. Akalifua, akalipiga pasi, akalikunja mezani, akaenda kuteka maji. Kurudi, kifuani pana doa la kahawia, mviringo kama limechorwa kwa bikari. Sista anakuja saa kumi. Ilikuwa saa tisa. Bahati yake, mimi nilikuwepo.

— Hiyo mionzi, akasema Fundi Waya, anayefungua redio za watu na kubakiwa na skrubu mkononi. Sista anapita karibu na mashine ya kupiga picha mifupa. Mionzi ilijificha kwenye uzi, pasi yako imeiamsha.

— Inatokaje sasa? Povu akauliza.

— Kwa mionzi wenzake! Mpelekee mchomeleaji alimulike cheche mara tatu. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini.

— Ng'ombe gani tena? Mimi nina koti!

Nusu Muhula, aliyefundisha sayansi wiki sita kabla hawajamstukia, akacheka kwa pua.

— Hapa dawa ni kemia. Mwagia maji ya betri, kisha majivu. Vinauana, doa linakufa katikati kama mpatanishi.

— Maji ya betri yalikula suruali ya shemeji yangu! Povu akaruka.

— Doa lilitoka?

— Lilitoka na goti la suruali.

— Umeona? Kemia haidanganyi.

Nikaona watamwangamiza. Nikakohoa, nikasimama.

— Mimi nimekaa kiwanda cha bandeji miaka minne. (Nilikuwa mlinzi, lakini geti lilikuwa karibu sana na tanuri.) Pale uchafu wote ulitolewa kwa joto. Mvuke ukibanwa unasafisha hata jina la mtu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana wenye akili tunatumia mvuke.

— Mvuke tutautoa wapi, kaka?

— Birika si hilo hapo linachemka?

Tukatandaza koti juu ya birika la kahawa, kila mtu kashika pembe yake. Mvuke ukapanda. Doa likawa jeusi zaidi.

— Linakomaa hilo! Povu akalia.

— Linaiva, nikamtuliza. Doa bichi halitoki.

— Sasa linanuka kahawa.

— Lazima. Si limekaa juu ya birika?

Birika likakauka. Kahawa yote ya kijiwe ikaishia angani, na doa likabaki limekaa kifuani kama nishani. Hapo hapo Sista akatokea, dakika kumi kabla ya saa kumi. Hakusalimia. Akalichukua koti, akalinusa, akalitandaza mezani. Kisha akainua kikombe pekee kilichobaki pale, akakitua juu ya doa. Kikakaa kama mfuniko kwenye chungu chake.

— Hiki kikombe cha nani?

Fundi Waya akatazama nyaya za umeme. Nusu Muhula akatazama viatu vyake.

— Povu, kama ni chako, kazi sikupi. Mtu hawezi kufulia wagonjwa huku anamwagia nguo kahawa. Ni chako?

Povu akanitazama. Alijua ni cha nani: kishikio cha kikombe hicho kimevunjika, na kijiwe kizima kinajua nani hushika kikombe kisicho na kishikio. Lakini hakunitaja, makoti arobaini ya zahanati yakimponyoka mbele ya macho.

Mimi, niliyekuwa na jibu la kila kitu tangu asubuhi, nikanyoosha mkono, nikakichukua, nikanywa kahawa iliyobaki.

Ilikuwa imepoa.