Safu ya Sababu: Immaculata Deodatus, 1957–1998

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu waombolezaji, poleni. Mimi ninayesoma ni Tereza Chenge, wifi wa marehemu, dada wa mumewe. Kikao kilinipa kazi hii kwa kuwa nimeishi naye nyumba moja miaka kumi na miwili. Nimeuandika wasifu huu mara tatu. Huu wa tatu ndio uliochapwa, na una neno ambalo wazee hawajalisikia. Naomba mnivumilie.

Marehemu Immaculata alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Kamachumu, mkoani Kagera, mtoto wa nne wa Mzee Deodatus Mutayoba na Mama Kokuberwa. Mama yake, ambaye tunaye hapa, anasema mtoto huyu akiulizwa kwa nini analia hakuwahi kujibu "basi tu." Alitaja jambo na aliyelifanya, hata kama aliyelifanya ni baba.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Kamachumu kuanzia 1965 hadi 1971, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975. Alifanya kazi ya karani wa mapokezi hospitalini Bukoba, kisha mwaka 1982 akaenda Mbeya kusomea utabibu wa meno. Mwaka 1984 alipangiwa kliniki ya serikali hapa Mwanza, na hapo ndipo wengi wenu mlipomfahamu. Kila aliyeketi kwenye kiti chake aliambiwa maneno yaleyale: "Fungua mdomo, usinifiche."

Daftari la kliniki lilikuwa na safu tano: tarehe, jina, umri, jino, na sababu ya kung'oa. Matabibu wengi waliandika "limeoza" kuanzia juu ya ukurasa hadi chini. Yeye hakuweza. Dawa ya kuziba ilipokwisha na jino linalozibika likang'olewa, aliandika "hakuna dawa ya kuziba." Mkubwa wake alimwita. "Andika limeoza, mama. Unatuletea maneno." Alijibu, "Mzee, kuoza ni hali ya jino. Mimi naulizwa kwa nini nimeling'oa." Mama mmoja kutoka Magu alikuja na meno mawili ya mbele yamelegea, akasema ameanguka kwenye ngazi. Immaculata akamuuliza taratibu, "Nyumba yenu ya Magu ina ngazi, mama?" Yule mama akalia. Katika daftari iliandikwa "ngumi." Miaka ya ruksa ilipokuja, biashara ikafunguliwa na maduka yakajaa pipi na soda, foleni yake ilijaa watoto. Wenzake walifungua kliniki zao binafsi wakamwita. Hakwenda. Sisi Wasukuma tulimtania kwamba Mhaya hawezi kuachana na karatasi.

Kaka yangu Mihayo alimpata kwenye kiti hichohicho. Alikwenda mara tatu akilalamikia jino moja, na mara ya tatu akasema yuko tayari ling'olewe. Immaculata aliligonga, akalitazama kwa kioo, akaandika: "Mgonjwa hana sababu." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Septemba 1986. Jino hilo Mihayo anatafunia hadi leo. Mungu aliwapa watoto watatu: Antoni mwaka 1987, Queen mwaka 1990, na Rebeka mwaka 1993.

Hapa ndipo kwenye neno langu. Queen alikufa tarehe 26 Februari 1991, akiwa na miezi sita. Wakati wa msiba wake lilisomwa neno "homa," nanyi mkaitikia amina. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa.

Wiki ile Immaculata alikuwa Nansio, ng'ambo ya ziwa, akikagua meno ya wanafunzi. Mtoto aliniachia mimi. Akashikwa na homa na kuharisha. Nilimpapasa fizi, nikaona vivimbe vyeupe pale chonge zinapootea. Majirani wakasema ni meno ya plastiki, yasipotolewa yanaua. Sikuwaza kwamba naishi na tabibu wa meno. Nilimbeba hadi kwa fundi mmoja wa kienyeji, upande wa Magu, akamchimba meno manne kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Hayakuwa ya plastiki. Yalikuwa meno yake ya utoto, bado machanga ndani ya fizi. Damu haikukatika vizuri, homa ikazidi, na siku ya tatu, nikiwa nimempakata njiani kwenda hospitali, akakata roho.

Immaculata aliteremka meli akakuta turubai limefungwa uani. Alimfungua mwanawe mdomo, akatazama, akaufunga. "Nani?" "Mimi, wifi." Hakunipiga, hakulia mbele yangu. Alipotoka nje aliwaambia watu ni homa. Mtu huyu ambaye hakuwahi kuandika sababu ya uongo, aliitamka moja, na aliitamka kwa ajili yangu.

Baada ya hapo alitumia Jumamosi zake kuzunguka vijijini, Buswelu hadi Magu, akiwaonyesha akina mama fizi za watoto wao wenyewe na kuwaeleza. Alinichukua nimbebee mkoba. Sikuwahi kumuuliza kama amenisamehe. Niliogopa jibu.

Januari mwaka huu alianza kuumwa. Alipopimwa ilionekana ni saratani ya shingo ya kizazi, imeshaenea. Alituagiza jina hilo lisomwe hivyohivyo, ili asije mtu akatafuta mchawi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye hakutaka kuumbuliwa. Mwezi wa tisa, akiwa amebaki mifupa, alinipa kauntabuku, daftari lake nene alimokuwa akinakili safu ile ya sababu kwa miaka kumi na minne. "Utasoma mwaka tisini na moja," aliniambia. Sikuthubutu. Alifariki Alhamisi tarehe 15 Oktoba 1998, saa nne asubuhi, nyumbani Buswelu, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Jana asubuhi nilifungua ukurasa ule. Mstari ni wa mwandiko wake, umenyooka kama mingine: "26/2/1991. Queen Mihayo. Miezi sita. Chonge nne, hazijaota. Sababu: aliyempenda hakujua. Mimi nilijua, sikumwambia."

Miaka saba nilidhani mzigo ule ni wangu peke yangu. Kumbe naye aliubeba, kwa kuwa alitibu mji mzima akasahau kumweleza wifi yake wa nyumba moja. Nilimpelekea kaka Mihayo daftari, nikamwambia yote. Aliufuata mstari ule kwa kidole hadi mwisho. Kisha akasema, "Kasome. Yeye asingeacha safu tupu."

Marehemu ameacha mama, mume, watoto wawili, Antoni na Rebeka, na mimi wifi yake. Atalala hapa, kando ya Queen.

Akina mama mliobeba watoto wachanga, msiondoke kabla hamjaniuliza. Nitawaonyesha fizi, kama alivyonionyesha.

Wifi, nimefungua mdomo. Sijakuficha. Sasa pumzika kwa amani.