Aulikki Tenhunen, Aliyepandisha Sauti Kutoka Miguuni

Baada ya miaka thelathini na minane, na miezi tisa kasoro siku chache, Aulikki Tenhunen anavua ovaroli yake ya kijivu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, saa tisa alasiri. Alianza kazi katika karakana ya Karsikas hapa Iisalmi Jumatatu ya tarehe 2 Machi 1987, asubuhi ambayo baridi ilishuka hadi nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri na mlango wa karakana ukagoma kufunguka. Aliingilia dirishani. Mzee Eino Karsikas, mwenye karakana, anasema alijua papo hapo kwamba huyu, mlango hautamshinda, wala kazi.

Nimeombwa niandike haya mimi, Raimo Huttunen wa kaunta, kwa kuwa kati ya kaunta yangu na karakana yake kuna dirisha moja tu la kioo. Kwa miaka thelathini na mmoja nimemtazama kupitia kioo hicho, midomo yake ikienda bila sauti, mikono yake ikitembea taratibu kama ya mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Kuna siku nilisahau wateja waliopanga foleni mbele yangu. Nawaomba radhi leo.

Hakuja kwetu kama fundi wa redio. Alikuwa mshonaji. Kiwanda cha mashati alikokuwa akifanya kazi kilifungwa, na Mzee Karsikas alihitaji mtu wa kushona vitambaa vya viti. Mtu anayeshona viti hukaa sana ndani ya magari, na mtu anayekaa sana ndani ya gari mwishowe huwasha redio. Aulikki aliwasha, akasikiliza, na jambo moja likaanza kumkera: kila kitu kilitoka miguuni.

Maana huko kwenye viwanda vya magari spika huwekwa mlangoni, chini kabisa, karibu na kifundo cha mguu. Sauti nene haina neno, hiyo hujaa popote kama mvuke wa sauna. Lakini sauti nyembamba, ile ya filimbi na fidla, ile ya "s" na "t" katika kinywa cha mtu anayezungumza, huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. "Inakugonga kwenye ugoko, inafia hapo hapo," ndivyo alivyokuwa akiwaambia wateja. "Unasikiliza redio kwa magoti, bwana. Tangu lini magoti yakawa na masikio?"

Dawa yake ilikuwa twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, isiyozidi upana wa kizibo cha mtungi. Aliifunga juu, pembeni mwa kioo cha mbele, usawa wa uso wa dereva. Na hakutaka za bei kubwa. Alichagua zile za kwenye sanduku la kadibodi karibu na mlango, ambazo mafundi wengine walizicheka. Alizipapasa moja moja kwa kidole gumba, akitafuta zenye kuba la kitambaa, laini kama kofia ya uyoga. Zenye kuba la bati alizirudisha. Alipitisha nyaya kwenye mpira wa bawaba ya mlango, akaunganisha kapasita ndogo kama punje ya haragwe ili kuizuia sauti nene isipande huko juu, na kabla ya kutoboa tundu lolote aliishikiza twita kwa udongo wa kuchezea watoto, akawa anaigeuza kidogo kidogo. Redio ilibaki ile ile iliyotoka kiwandani. Spika za mlangoni zilibaki zile zile. Lakini mtu aliyeketi humo ghafla aliona kama kioo cha mbele kimesogea mbali na nyuma yake pamefunguka uwanda.

Wapo watakaokumbuka habari ya Tauno Rytkönen, aliyeendesha lori la maziwa kutoka shamba hadi shamba miaka yote ya ujana wake. Mwaka 2004 alikuja na gari lake dogo, akasimama kaunta kwangu na kofia mkononi. Mkewe alikuwa amemshawishi kwamba masikio yake yamekwisha. Habari za redioni zilikuwa zimegeuka mvumo mtupu, na kwa aibu alikuwa ameacha hata kwenda kwenye kwaya ya kanisa.

"Mimi sitaki muziki," aliniambia. "Nataka kujua kama nimekuwa kiziwi."

Aulikki alimkalisha garini, akamaliza kazi kwa muda wa vikombe viwili vya kahawa, kisha akawasha redio wakati wa habari. Kupitia kioo nilimwona Tauno akiinamisha kichwa. Kisha akaupiga usukani kwa viganja vyote viwili, akafungua mlango na kupaza sauti hadi kaunta:

"Yule msoma habari ana kitembe! Miaka yote hii, na hakuna mtu aliyeniambia!"

Alirudi kwenye kwaya Jumapili iliyofuata. Mkewe alitupikia mikate mitamu ya iliki, sinia nzima, akaileta mwenyewe, lakini alikataa katakata kusema nani alikuwa sahihi.

Ningeweza kuendelea hivi, nikaeleza gari baada ya gari, tukamaliza kahawa tukicheka. Lakini Aulikki mwenyewe ameniambia niandike pia habari ya mwaka 2013, na niiandike ilivyokuwa.

Vuli ile, magari matatu yalirudishwa ndani ya mwezi mmoja. Jambo hilo halikuwahi kutokea. La tatu lilikuwa la Kaija Lappeteläinen, muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani, mtu anayekaa garini zaidi kuliko anavyokaa kwake.

"Aulikki, dada yangu," alisema, "hizi zinanichoma kama sindano. Na sindano mimi nazijua."

Aulikki aliketi kwenye kiti cha dereva, akasikiliza. "Mbona mimi naisikia tamu?"

Aliniita. Niliketi pembeni yake. Kila "s" ilitoa mlio kama wa mafuta kwenye kikaango, na nilihisi jino langu la nyuma linauma. Niligeuza uso dirishani. Aliniangalia.

"Raimo. Sema."

"Inaunguza," nilisema.

Alizima redio. Tuliketi tu, yeye na mimi, na majani ya mti wa mbetula yalikuwa yakianguka kwenye kioo, na mpaka leo sijui kama aliyasikia yakigusa. Wiki iliyofuata daktari alimpima. Sauti zote za juu zilikuwa zimemtoka, taratibu, mwaka baada ya mwaka, bila kuaga. Aliporudi alisimama dirishani kwangu akasema jambo moja tu: "Nilidhani ndege wamehama mapema mwaka huu."

Kesho yake aliiweka barua ya kuacha kazi mezani kwa Mzee Karsikas. Ilikuwa na mistari minne. Aliandika kwamba fundi wa sauti asiyesikia ni kama mwokaji asiyeonja, na kwamba hataki kulipwa kwa kuwaumiza watu masikio. Mzee aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja mara nne, akainama, akaisukumiza chini ya mguu wa meza yake uliokuwa ukiyumba tangu Krismasi.

"Barua nzuri," alisema. "Meza imetulia. Sasa gari la Kaija bado lina sindano, na Kaija anasubiri."

"Eino, mimi sisikii."

"Kwani gari ni lako?"

Sijui kama Mzee alikuwa amelifikiria neno hilo au lilimtoka tu. Ninachojua ni kwamba Aulikki aligeuka akaenda kuchukua udongo wake.

Alimkalisha Kaija kwenye kiti chake mwenyewe, akamwambia akae kama anavyokaa barabarani, asijinyooshe kwa heshima. Akaketi upande wa abiria. Akaing'oa twita, akaishika kwa vidole viwili, na kuanza kuipeleka hewani polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kutundika taa. Hakuitazama kabisa. Alimtazama Kaija usoni. Karibu na jicho la kushoto palikuwa na msuli mdogo uliokazana. Twita ilipoelekea kwenye bega, msuli ulikaza. Ilipopanda, ulitetemeka. Ilipogeuka kuangalia kioo cha upande wa pili, ule msuli ulilala, kama paka anavyolala, kwa mpigo mmoja.

"Hapo," Aulikki alisema, kabla Kaija hajafungua kinywa.

Kaija alikuwa amefumba macho, na hakuyafungua. Redioni mtu mmoja alikuwa akieleza namna ya kuhifadhi viazi wakati wa baridi, jambo lisilo na uzuri wowote, na muuguzi yule aliyekuwa na wagonjwa watano bado wanamngoja aliketi akisikiliza viazi hadi mwisho.

Tangu siku hiyo ndivyo alivyofanya kazi. Wateja wapya walishangaa: fundi gani huyu anayekukodolea macho? Wengine waliona haya, wengine walicheka, na alisubiri kicheko kiishe. Alijifunza nyusi, pembe za midomo, pumzi. Alijifunza kwamba mwanamume wa kwetu akipendezwa hatasema, ila atashusha mabega kiasi cha unene wa kidole. Na hapa naomba niseme kwa uwazi kama mtu aliyeandika oda zote: hakuna gari lililorudishwa tena. Hata moja. Zamani alimwekea kila mtu sauti aliyoipenda yeye. Sasa kila mtu aliondoka na yake.

Mwaka 2019 alikubali kuvaa vifaa vya kusikia. Siku ya kwanza alilalamika kwamba koti lake lina kelele. Nikamwuliza kama sasa ataacha kukodolea watu macho na kurudia utaratibu wa zamani.

"Masikio haya ni ya kwangu, Raimo," alisema. "Gari ni la mwenyewe."

Jumanne iliyopita mvua ya barafu ilifunga barabara zote, na mteja wake wa mwisho akapiga simu kughairi. Karakana ilikuwa kimya. Aulikki alilitazama gari la mizigo la duka letu, lililosimama uani, akatikisa kichwa. Miaka kumi na minne tumelitumia, na hakuna aliyekumbuka kulifungia twita. Aliliingiza ndani, akalifungia kwa muda wa saa moja, kisha akatuita sote wawili. Mzee Karsikas aliketi kwenye usukani, mimi katikati, Aulikki dirishani. Mzee aliwasha redio.

Ilikuwa taarifa ya hali ya hewa ya baharini. Sisi ni watu wa bara, kati yetu hakuna mwenye hata mtumbwi wa maana, lakini nani kati yetu hajakua na sauti ile? Mtu anasoma majina ya vituo na pepo zake, bila haraka, kama anayehesabu kondoo wake: Bogskär, kusini-magharibi, mita kumi na moja kwa sekunde. Nyhamn. Märket, mwonekano mzuri. Nilisikia midomo yake ikiachana kabla ya kila jina. Nilisikia karatasi ikigeuzwa. Nje barafu ilikuwa ikiifunika misonobari, vioo vikaanza kuingia ukungu kwa pumzi zetu, na ilionekana kana kwamba karakana yote imefunguliwa kamba na kuelea taratibu mahali fulani kati ya kisiwa na kisiwa. Simu ya kaunta ililia. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, niliiacha ilie. Mzee hakunigombeza. Nilipogeuka, Aulikki alikuwa amelala, kichwa kimeegemea mlango, na hakuna kati yetu aliyethubutu kupunguza sauti wala kuongeza, mpaka kituo cha mwisho kaskazini kikasomwa na upepo wake ukatajwa kuwa shwari.

Ahsante, Aulikki, kwa kila gari lililotoka hapa likiwa na dereva aliyetulia. Ahsante kwa barua iliyosimamisha meza ya Mzee, nayo haitatolewa. Unakwenda kwa dada yako Helvi, kwenye nyumba ya kando ya ziwa Onkivesi, na umesema hutaki kusikia habari ya nyaya mpaka majira ya kuchipua. Basi tusikusumbue. Afya njema iwe nawe, kuni zisikupungukie, na siku zako zipite bila haraka. Kiti chako cha dirishani kwenye gari la mizigo tutakiacha wazi Jumanne, na redio tutaiwasha wenyewe.