Karakana Niliyoshindwa Kuiacha

Nawasalimu katika Bwana, baba zangu na mama zangu. Wakubwa, shikamooni. Mnanijua kama fundi magari wa hapa Lushoto, ila wengi hamjui nilichelewa wapi.

Nilianza kwenye karakana ya shamba la chai, kule Kwamkoro. Niliingia kama mfagiaji. Nikajifunza breki na gia kwa kutazama, mpaka nikawa nafungua injini mwenyewe. Mwenye cheti alikuwa fundi mkuu peke yake, kwa hiyo kila gari nililotengeneza alisaini yeye. Sikujali.

Mashamba ya umma yalipoanza kuuzwa, na letu likauzwa. Mwenye shamba mpya akataka vyeti. Mimi nikaandikwa kibarua wa usafi, na magari nikaendelea kutengeneza mimi. Nilipolalamika, fundi mkuu alisema taratibu tu, "Ondoka basi. Nje ya hapa nani anakujua?"

Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo lilinifunga. Nilikwenda gereji za Muheza, wote wakauliza cheti. Mume wangu alikuwa ameshafariki, nyumba ni ya shamba, watoto wadogo. Nikarudi. Miaka ikapita niko chini ya magari, naogopa hata kukohoa mbele ya mtu yule, maana ugali wa wanangu ulikuwa mikononi mwake.

Jirani yangu, mama Mwislamu wa Kigoma aliyechuma chai, aliniuliza siku moja, "Dada, hicho cheti kinatolewa wapi?"

"Tanga, chuo cha ufundi. Lakini mimi sikusoma pale."

"Umekwenda ukauliza?"

Sikuwahi. Kumbe mwenye uzoefu aliruhusiwa kufanya majaribio ya kupata cheti, hata kama hakusoma chuoni. Nikaenda, wanangu wakabaki kwake. Nikafeli umeme wa gari, kitu ambacho karakanani sikukigusa kamwe. Msimamizi wa majaribio akaniambia, "Breki zako safi, mama. Umeme kasome, urudi." Nikasoma, nikarudi, nikafaulu.

Nilirudi Kwamkoro nikampa fundi mkuu cheti, akakisoma mbele na nyuma. "Sasa magari haya unamwachia nani?"

Nilivua ovaroli ya shamba, nikaikunja, nikaiweka mezani kwake.

Namshukuru Mungu, na yule msimamizi, na jirani yangu aliyelea wanangu kama wake. Ninyi vijana mlioko gereji, mwalimu wenu akiwasifu, mshukuruni, kisha nendeni mkapimwe na mtu asiyewajua. Mimi kazi niliijua miaka yote ile, na bado sikuweza kuondoka.