Bomba la Ndani ya Boksi

Haisi ilikuwa inakaribia Mingoyo, na hasira za Somoe bado zilikuwa mbichi. "Bomba la kupulizia mikorosho nitalibeba mgongoni msimu mzima, halafu muuzaji ananiambia nitazame picha kwenye boksi! Kanga yenyewe najitanda kwanza dukani, sembuse bomba?"

Abiria wa pembeni yake akajikuna kidevu. "Mama, mimi pia nina duka la pembejeo. Likishajaribiwa na kila mgongo, nimuuzie nani?"

"Usiliuze. Litie maji, liweke mlangoni. Hilo ndilo litakalowauza wenzake."

Gari liliposimama mwenye duka akashuka, kisha akarudisha kichwa dirishani.

"Kesho natoa moja kwenye boksi. Maji juu yangu, mgongo njoo nao."