Wanawake wa Alizeti Waliokuja Kunisemea

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wa rika langu, hamjambo? Mwenyekiti wa kikundi chetu amenipa nafasi akaniomba niseme kwa ufupi. Nimemwambia nitajaribu, lakini mnanijua. Mimi nikipewa nafasi ya kusema ni kama nimepewa ugali na mlenda, siachi mpaka nione sahani.

Wengi wenu hapa Mwankoko mmeuona mkono wangu huu wa kulia, na kwa adabu zenu hamjawahi kuniuliza. Leo nawaambia mwenyewe. Majina ya watu nitayaacha, maana wengine tunakutana nao sokoni, na wengine wamekaa humu humu.

Nilikuwa kibarua kwenye mashine ya kukamua alizeti, kule mjini. Tulikuwa wanawake kadhaa. Tulipepeta mbegu, halafu mimi nilipanda juu kuzimimina kwenye mashine. Niliipenda kazi ile, msinicheke. Tuliimba, tulitaniana, aliyefiwa tulimchangia. Nikirudi nyumbani binti yangu alikuwa ananusa kanga yangu anasema, "Mama, unanukia maandazi."

Mashine ile ilikuwa na mkanda mrefu unaozunguka, na mkanda ulikuwa na kifuniko cha bati. Kifuniko kikavunjika, kikatolewa. Fundi wetu, baba mmoja mpole sana, akamwambia tajiri, "Bosi, hiki kitu tukirudishe kabla hakijatuletea balaa." Tajiri akasema tusubiri msimu upungue. Kweli wateja walikuwa wamejaa, magunia mpaka barabarani. Tukaendelea hivyo hivyo.

Mnaujua upepo wetu wa Singida. Mchana mmoja namimina mbegu, upepo ukapeperusha pindo la kanga yangu. Nikanyoosha mkono nilivute. Mkanda ukaniwahi.

Ndugu zangu, hapo sitaeleza zaidi, kuna watoto humu. Nakumbuka fundi akikimbia kuzima mashine. Nakumbuka dada mmoja niliyekuwa napepeta naye akivua kilemba chake kunifunga mkono, analia kuliko mimi niliyeumia. Hospitali walijitahidi wakauokoa mkono. Vidole vitatu havikuokoka.

Tajiri mwanzoni alikuja. Alileta sukari na sabuni, akanipa pole, akasema, "Usijali, mama, tutaangalia." Nikamwamini. Halafu simu zangu zikawa hazipokelewi. Nilipokwenda mwenyewe, mkono bado umefungwa, aliongea nami nje ya geti. "Wewe ni kibarua. Huna mkataba. Mimi nikupe nini?"

Nikarudi nyumbani nikanyamaza. Na kunyamaza kwangu, wanaonijua wanajua, ni ugonjwa.

Mume wangu alihangaika, jamani. Alisonga ugali, alifua, akaona haitoshi, akajifunza kumsuka binti yetu nywele. Mtoto akaenda shule na kichwa kama kiota. Mwalimu wake alipouliza nani kamsuka, akajibu kwa fahari, "Baba yangu!" Tulicheka siku hiyo. Lakini usoni nilikuwa nacheka, moyoni najiona mzigo.

Siku moja nilikaa jikoni na mama mkwe wangu. Nilijaribu kumenya kitunguu kikanidondoka, nikakiokota, kikanidondoka tena. Nikaanza kulia. Nikamwambia, "Mama, mwambie mwanao anirudishe kwetu. Atafute mke mwenye mikono."

Mama mkwe wangu mnamfahamu, si mtu wa kubembeleza. Aliweka kisu chini akanijibu kwa Kinyaturu, mimi nawaambia kwa Kiswahili. "Mwanangu alioa mtu. Hakuoa vidole. Na huyo aliyekuumiza asikudanganye kwamba umeisha. Futa pua. Kesho tunakwenda ofisini."

Nikamuuliza ofisi gani. Akasema, "Sijui. Tutauliza."

Tukauliza kweli, mlango kwa mlango, mpaka tukaelekezwa kwa afisa anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi. Alikuwa binti mdogo. Alimwamkia mama mkwe, "Shikamoo, bibi," akatupa viti, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuangalia simu yake. Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa silijui. "Mama, kibarua naye ni mfanyakazi. Ukiumia kazini, sheria inakutambua. Tatizo ni moja tu. Nani atasema ulikuwa unafanya kazi pale?"

Tajiri akaitwa. Na nawaambieni, ile mashine iliniumiza, lakini maneno yake siku ile yaliniumiza zaidi. Alimwangalia afisa, mimi hakuniangalia, akasema, "Huyu alikuwa mteja. Alileta alizeti yake, akagusa asichokijua."

Mteja! Mimi niliyefungua geti lile kila asubuhi, ufagio mkononi! Afisa akatupangia siku nyingine, akaniambia nije na mashahidi.

Nikawapigia simu wenzangu. Mmoja akasema, "Dada, nakuombea, lakini nina watoto." Mwingine akakata. Yule aliyenifunga kilemba alilia tu kwenye simu. Fundi akaniambia, "Mama, mimi nasomesha. Nikifukuzwa nitakwenda wapi?" Sikuwalaumu. Ningekuwa mimi, sijui ningefanya nini. Nikaona basi, yameisha.

Kumbe mama mkwe wangu ana mambo yake. Alikuwa anatoka kila asubuhi na kigoda na ukili wa mkeka, anasema anakwenda kwa dada yake mjini. Haikuwa kweli. Alikuwa anakaa nje ya geti la ile mashine, ukutani, anasuka. Kila mwanamke aliyepita kuingia kazini alimsimamisha na kumuuliza, "Mwanangu, mikono yako haijambo?"

Hakuwaomba waje kunitolea ushahidi. Hakumtukana tajiri. Aliwauliza habari ya mikono yao tu. Wanasema walinzi walitaka kumwondoa, akawajibu, "Njia ni ya watu wote, wajukuu zangu," akawaamkua na wao, akawauliza mikono yao.

Siku ya kurudi kwa afisa ikafika. Nimekaa na mume wangu, tajiri kakaa upande wa pili, mimi shahidi sina. Afisa akaniuliza, "Umekuja na nani?" Nikafungua mdomo kusema nimekuja peke yangu.

Ndipo tukasikia viatu huko nje. Viatu vingi.

Waliingia wote, ndugu zangu. Wote! Wamevaa nguo za kazi, vumbi la alizeti mpaka kwenye kope. Ofisi ikajaa, wengine wakabaki dirishani. Tajiri akasimama. "Nani yupo kwenye mashine?"

Fundi alikuwa nyuma yao. Kofia yake ameishika mkononi. Akasema, "Bosi, nimeizima. Na siku ile pia ni mimi niliyeizima. Huyu mama alikuwa mwenzetu, na kifuniko cha mkanda hakikuwepo. Ukinifukuza nifukuze, lakini siwezi kuendelea kupita mbele ya yule bibi."

Yule dada wa kilemba naye akasema, "Mteja gani, bosi? Mteja gani anajua nyimbo zetu zote?"

Watu wakacheka, mimi nikalia. Nililia kilio ambacho nilikuwa nimekibana tangu hospitali.

Tajiri alikaa chini polepole. Alijifuta uso, akaniangalia mimi kwa mara ya kwanza. "Ni kweli. Alikuwa mfanyakazi wangu. Sikuwa nimewaandikisha hawa kisheria, nikaogopa kufungiwa mashine. Nisamehe, mama."

Sitawadanganya kwamba fidia ilikuja kesho yake. Nilipimwa na daktari, nikaitwa, nikarudishwa, nikaitwa tena. Lakini ilikuja, na ilikuja kwa njia ya haki. Nimemaliza matibabu, na kuku wangu wale mnaolalamika kwamba wanaingia kwenye mashamba yenu wamejengewa banda kwa hiyo fidia. Mashine ina kifuniko. Wenzangu wote wameandikishwa, na hakuna aliyefukuzwa. Tajiri alikuja nyumbani na mke wake. Mama mkwe akampakulia chakula, akamsubiri ashibe, ndipo akamsema. Alimsema vizuri! Lakini alimpakulia kwanza.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu, ambaye sasa anasuka hata watoto wa jirani, na anasuka vizuri. Nawashukuru wenzangu wa kwenye alizeti, maana mimi nilipoteza vidole kwa bahati mbaya, lakini wao walikubali kupoteza riziki yao kwa hiari. Namshukuru binti yule afisa, Mungu amkuze. Na mama mkwe wangu, yule pale, ananikonyeza nikae chini. Mama, asante. Leo sitakaa mpaka niseme.

Nilichojifunza ni hiki. Aibu niliyoibeba haikuwa yangu. Nilidhani kudai haki yangu ni kumchokoza mtu, nikakaa na maumivu kama vile mimi ndiye mkosaji. Ukiumia kazini, sema mapema, sema kwa wanaohusika, na usiende peke yako.

Najua katika kikundi hiki kuna mtu ameumia mahali akaambiwa anyamaze. Sitaki jina lako, na usinyooshe mkono. Tukitawanyika mimi nitachelewa kidogo hapo nje, nikiosha vikombe vya chai. Njoo unisaidie kuosha. Ofisi naijua ilipo, na kesho asubuhi sina kazi.