Mbuzi wa Bwana Aloysius

Benchi la Goreti liko Rwekubo, pale takisi zinapogeuka kurudi Mbarara. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na mbele yake birika la kahawa ya tangawizi. Nimekaa hapo asubuhi nyingi tangu mke wangu Kankindi afariki, kwa kuwa nyumba yetu kule Juru imekuwa kimya mno. Jumatano moja ya mwaka 2009, mwezi wa tisa, nilifika nimevaa koti la kanisani. Mfukoni nilikuwa na barua ya kuniita Mbarara saa tano, mbele ya kamati iliyokuwa ikimchunguza Bwana Aloysius, karani mkuu wa ofisi ya kambi yetu ya wakimbizi, mtumishi wa serikali kwa miaka ishirini na saba. Alishtakiwa kwamba alipokea mbuzi ili mgonjwa mmoja apelekwe hospitali mbele ya wengine. Aliyemshtaki, kwa barua yenye sahihi, ni mimi. Wenzangu wa benchi hawakulijua hilo. Takisi ya kwanza ilikuwa imekwisha kuondoka bila mimi.

– Leo ndiyo leo, alisema Shafik, ambaye aliwahi kuwa askari, na hata sasa tunamwita Afande. Leo Aloysius anavuliwa kofia.

– Hana kofia, alisema Goreti akimmiminia.

– Watamvalisha kwanza.

– Aende tu, alisema Direktere. Jina lake ni Appolinaire. Alifundisha darasa la pili kule Kivu ya Kusini, na ukurugenzi alijipa mwenyewe njiani tukikimbia. Aliendelea: Batu ba hapa baliteseka mingi. Mutu anamaliza miaka kumi na moja na sisi, hajapokea hata soda! Iyo ni kawaida?

– Kukataa soda ni kosa? aliuliza Goreti.

– Kosa kubwa, mama! Wahenga balisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake, mutu mwenye kukataa soda iko anakula kwa mukono muzima.

– Hiyo methali haisemi hivyo, ssebo.

– Mu Kongo inasema hivyo.

Afande alicheka hadi kahawa ikamwagika gotini.

– Mimi nakubali. Jeshini tulikuwa na kapteni moja. Alikataa sigara, alikataa bia, alikataa hata nyama ya Krismasi. Unajua alikuwa nani?

– Nani?

– Mpaka leo hakuna anajua. Sasa huyo si mtu hatari?

– Mimi nitasema yangu, alisema Goreti, na sauti yake ilishuka kidogo. Alikuwa anapita hapa asubuhi. Nikimwambia, karibu bwana, leo kikombe ni changu, anakiacha kimejaa juu ya benchi anaenda. Banange, inaumiza. Kama kahawa yangu ina sumu.

Nilimwelewa Goreti. Kwetu sisi wafugaji, mgeni akifika hupewa maziwa. Akiyakataa naye si mgonjwa, amekuambia kwamba kuna jambo baya kati yenu. Bwana Aloysius alipita kwetu kila mwaka kuandikisha kaya, na kila mwaka Kankindi alimletea kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili. Naye kila mwaka alijibu, “Asante, mama, niko kazini.” Mara ya mwisho Kankindi alibaki amekaa na kile kibuyu mapajani. Aliniuliza, “Nehemiya, tulimkosea nini mtu huyu?” Hiyo ilikuwa Januari. Februari aliugua.

– Na si mbuzi mumoja, Direktere alikuwa akiendelea. Balikuwa wawili.

– Mmoja alikuwa na mimba, alisema Afande.

– Sasa ni watatu.

– Wanne. Mbuzi wa huku wanazaa pacha.

– Na wote wanakaa wapi? aliuliza Goreti.

– Kakoba ya Mbarara! Iko na ghorofa kule. Chini mbuzi, juu yeye.

– Mimi nimezaliwa Kakoba, sijaona ghorofa ya mbuzi.

– Utaionaje, mama? Ndiyo akili yake! Dalili ya mvua ni mawingu. Ukiona mbingu nyeupe kabisa, ujue mvua imefichwa.

Takisi ya pili ilijaa watu. Kondakta aliniita kwa mkono, akaona koti langu, akaita tena. Nilitazama chini mpaka ikaondoka.

– Shemasi, uko kimya, alisema Goreti. Na wewe ndiye gari lilimwacha mke wako.

Wananiita Shemasi kwa sababu ndiyo kazi yangu kanisani. Niliitikia kwa kichwa tu. Gari la wagonjwa lilikuwa moja, na lilikuwa na nafasi mbili za kulala. Siku ile wagonjwa wa kupelekwa Mbarara walikuwa watatu, na Kankindi alikuwa wa tatu. Nilimfuata Bwana Aloysius mpaka mlangoni pa gari. Nilimwambia, ndugu yangu, unatujua miaka mingi, msogeze mmoja tu. Alishika ile karatasi kifuani. Alisema, “Mzee Nehemiya, orodha ameiandika muuguzi. Nikiipanga upya leo kwa ajili yako, kesho nitaipanga kwa ajili ya nani?” Gari lilirudi saa kumi jioni. Kankindi alikuwa amekwisha kulala usingizi wa wenye haki tangu saa nane.

Mwezi mmoja baada ya kumzika niliketi, nikaandika.

Mwanamke mmoja alikuwa amekaa mwisho wa benchi, na tita la mikeka miguuni. Alikwenda Juru kununua mikeka, na sasa alingoja takisi yenye nafasi ya tita lake. Goreti alimwita Daphine. Alikuwa amesikiliza tangu mbuzi wakiwa wawili.

– Wazee, samahani, alisema. Mimi nauliza tu. Huyo mbuzi, nani alimwona?

– Kila mtu anajua, alisema Afande.

– Kujua, sawa. Kumwona?

– Mimi niliambiwa na Goreti.

– Mimi? Mimi nilisikia kwa Direktere!

– Nami nilisikia kwa Shemasi, alisema Direktere, akanyoosha mkono kunielekea kwa heshima. Na Shemasi ni mutu wa Mungu. Hasemi uongo.

Wote waligeuka. Nimesimama madhabahuni miaka mingi na kutazamwa na watu wengi, lakini sikumbuki kutazamwa hivyo.

– Mimi sikumwona mbuzi, nilisema.

– Lakini ulisikia?

– Nilisikia.

– Kwa nani?

– Kwa Direktere. Siku ya tatu ya msiba, uani kwangu. Alisema labda wale wa kwanza walitoa mbuzi.

– Minasema labda? aliuliza Direktere.

– Ulisema labda. Mimi ndiye niliyeandika barua ya mashtaka, na mle ndani sikuweka labda.

Nilitoa ile karatasi ya kuitwa, nikaiweka juu ya benchi. Afande aliisoma polepole, midomo ikitembea. Kisha aliirudisha akiwa ameishika kwa ncha za vidole, na akasogea kidogo upande wa pili. Direktere alivua miwani yake isiyo na kioo kimoja.

– Mzee, alisema, siku ile nilikuona unalia kama mutoto. Nilisema maneno ya kukufariji tu. Nilitaka upate mutu wa kukasirikia.

– Nilimpata.

– Lakini orodha, alisema Goreti. Kwa nini walimweka wa tatu? Kulikuwa na kitu, Shemasi. Lazima kulikuwa na kitu.

Hili sikuwa nimemwambia mtu, hata mchungaji.

– Wa kwanza alikuwa mama mwenye uchungu wa siku mbili. Wa pili alikuwa mtoto aliyekuwa hajitambui. Muuguzi alimwuliza Kankindi anajisikiaje. Kankindi alisema, wapelekeni hao, mimi naweza kungoja. Nilikuwa nimesimama hapo. Nilimsikia.

Daphine alianza kufunga upya tita lake ambalo halikuwa limefunguka.

– Sasa ukienda Mbarara utasema nini? aliuliza Afande.

– Nitasema niliandika nisichokiona.

– Watakufunga.

– Labda.

– Na hapa watu watakuitaje? Shemasi gani?

– Sijui watakavyoniita.

Nilisimama, nikafunga vifungo vya koti. Desturi yetu mtu akienda mbele ya wakubwa, mmoja humsindikiza, hata kama ni wa kushika tu kofia yake. Nilingoja kidogo. Afande alitazama kikombe chake. Direktere alikuwa akifuta kile kioo kimoja, akafuta na upande usio na kioo. Goreti ndiye peke yake aliyeinuka, lakini hakuinuka kunifuata. Alinikaribia hadi nikasikia harufu ya tangawizi mikononi mwake.

– Nehemiya, alisema, na miaka yote alikuwa hajawahi kuniita jina langu. Kama si Bwana Aloysius, sasa utamkasirikia nani?

Aliniuliza kwa upole, kama mtu anayemwuliza mgonjwa ameshindwa kula nini. Nilimtazama Direktere, nikitegemea methali, hata iliyogeuzwa. Aliendelea kufuta miwani. Nilitafuta jibu katika Maandiko ninayoyajua, nikafika hadi Ayubu, nikaona naye aliuliza tu.

Kwa miezi saba hasira ile ilikuwa inaamka nami, inakula nami, inalala upande wa ukuta alipokuwa akilala Kankindi. Nilikuwa nimeizoea. Nilikuwa naisemesha.

Takisi ya tatu ilipiga honi. Kondakta alipokea mikeka ya Daphine, kisha akaniuliza tuko wangapi.

– Mmoja, nilisema, nikapanda.